Maji ya Kiunoni, Ziwa Rutamba

Kwanza nilisikia filimbi tatu. Tiu, tiu, tiu, kila moja ikishuka kidogo kuliko iliyotangulia, kama mtu anayeteremka ngazi bila haraka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa na sikuona kitu, si maji, si matete, si hata viganja vyangu nilivyoviinua visilowe. Maji yalinifika kiunoni. Nilijua mbele yangu, pengine hatua kumi, pengine mia, walikuwapo sululu na vitwitwi wanakula kwa pupa, kwa sababu ilikuwa mwanzo wa Machi, na ndege wale wakila namna ile mwezi wa Machi ujue wamebakiza siku chache. Watanenepa mpaka vifua vifutuke, kisha asubuhi moja, mvua kubwa zikishika, utakuta tope tupu lenye alama za vidole. Wameshakwenda kaskazini, nchi ambazo barafu yake ndiyo kwanza inayeyuka.

Nikasubiri ukungu uinuke. Ndivyo alivyonifundisha baba. Ndege wa maji, alisema, hamwogopi mtu, anaogopa miguu. Anayetembea ukingoni ana miguu, watamruka akiwa bado mbali. Aliyezama mpaka kiunoni hana miguu, ni kisiki. Simama, usikohoe, pumua kwa pua, na baada ya muda watakuja kula mbele yako, karibu hata uone kope. Baba ni mvuvi wa kambale na perege, alisimama hivyo maisha yake yote. Mimi nilianza kusimama naye nina miaka saba. Nilipoolewa nikahamia Mitwero, pembeni mwa mji wa Lindi, niliendelea kurudi Rutamba kila mwaka ndege wanapokaribia kuondoka, siku tatu au nne, nisimame tu. Wenzangu walirudi kwao kula ubwabwa. Mimi nilirudi kuloa.

Naandika haya nikiwa nimepona, au niseme nimepona kwa kiasi ambacho mwili wangu umekubali. Nawaandikia wanawake wanaotokwa damu isiyo na tarehe, walioshaulizwa kila swali isipokuwa moja. Sina hekima ya kugawa. Nilipokuwa naumwa nilichoshwa na watu walionigawia subira kama karanga. Nina uchungu tu, nami nitauweka mezani ulivyo.

Damu ilianza wiki niliyorudi kutoka ziwani, Ramadhani ikiwa inaingia. Sikushtuka. Niliweka ushanga mwekundu kitandani, basi.

Ushanga huo niueleze. Kwetu mke hamwambii mume kwamba yuko mwezini. Anao ushanga wa rangi mbili aliopewa siku za unyago na somo yake, yaani mwanamke aliyemfunda. Mwekundu ukilazwa juu ya mto, mume hugeukia ukutani na hakuna anayeulizwa kitu. Ukirudi mweupe, nyumba imefunguka. Mume wangu Hashimu ni mtu wa Kilwa Masoko, fundi wa majokofu, mwanamume wa simu kubwa na spika ndogo, na tulipooana aliucheka sana ushanga ule. Akasema si unitumie meseji tu. Baada ya mwaka mmoja aliuzoea mpaka akawa anachungulia chumbani kabla hajavua viatu.

Mwezi ule ushanga mwekundu ulikaa siku sita, ukatoka, ukarudi baada ya siku mbili. Ukakaa tisa. Ukatoka asubuhi, ukarudi jioni.

"Huu ushanga umegoma," Hashimu alisema akiushika kwa ncha za vidole. "Umejiunga na chama cha wafanyakazi?"

Nilicheka. Tulikuwa bado tunacheka. Lakini ndani tumbo la chini lilikuwa linaniuma kama mtu aliyesahau kisu humo, na nilianza kunuka chuma. Nilinunua sabuni ya harufu kali, nikaanza kukaa mbali na watu misibani na harusini, kisha nikaacha kwenda. Kati ya siku thelathini za Ramadhani nilifunga saba. Sala nikaziacha kabisa, kwa kuwa nilijua, kama tulivyofundishwa sote, kwamba mwenye damu hasali. Nilikaa barazani wenzangu wakienda tarawehe, nikijiona kama chombo kilichogeuzwa chini juu.

Baada ya Idi nilikwenda zahanati moja ya mjini. Siitaji, maana zote nilizozipitia zilifanana. Mabenchi yenye rangi iliyochubuka, dirisha dogo la kioo, na nyuma ya dirisha nesi mwenye sauti iliyozoea kushindana na watoto wanaolia. Alinisikiliza nusu. Aliniuliza nina wanaume wangapi. Nikasema mmoja, mume wangu. Akaandika, akarudia kwa sauti wakasikia benchi zima.

"Mmoja unayemjua wewe. Yeye anao wangapi?"

Wanawake wawili walicheka, si kwa ubaya, kwa uchovu. Nikapewa dawa za magonjwa ya zinaa, za watu wawili, mke na mume, na maelekezo kwamba nikimeza peke yangu napoteza muda.

Pakiti ya kwanza Hashimu aliimeza huku akitania, akasema sasa hata vidonge tunaoana navyo. Hiyo ilikuwa Aprili. Ya pili ilikuwa Juni, korosho zikiwa hazijatoa maua, na aliimeza bila neno, amesimama, akasukumia kwa maji ya mtungini kama anayemeza mfupa. Agosti nikapewa ya tatu, yangu nikaimeza, yake nikampa. Aliigeuzageuza mkononi.

"Salima, nimeshatibiwa mara mbili ugonjwa nisio nao," alisema. "Hii kampe aliyekupa."

Aliiweka mezani, juu ya kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, na ilikaa pale wiki tatu. Hakuna aliyekuwa tayari kuitupa.

Mwisho wa mwezi huo baba alinipigia simu kutoka Rutamba. Hakujua lolote. Mambo ya damu mtoto wa kike hamwambii baba yake. Alisema wageni wameingia, ndivyo anavyowaita ndege wakirudi. Vitwitwi kumi na wawili, wamekonda, wanalala kwa mguu mmoja hata mchana. Akaniuliza nitakwenda lini kuwaona. Nikamwambia kazi nyingi. Nikakaa na simu sikioni baada ya yeye kukata, nikiona wivu juu ya viumbe wenye uzito wa yai ambao wamevuka dunia na kufika wakiwa wazima.

Hapa sina budi kumtaja mtu mwingine, kwani bila yeye hadithi hii ingekuwa ya ugonjwa tu.

Mwaka mmoja kabla damu haijaanza, alikuja Rutamba mtu wa kuhesabu ndege wa maji, katumwa na ofisi yake. Aliitwa Joakimu, mtu wa bara, mpole, mwenye darubini ya miguu mitatu na suruali ya mpira inayofika kifuani. Nilikuwa nyumbani siku hizo. Baba alinichukua tumwonyeshe mahali pa kusimama, na siku mbili tulisimama sisi watatu majini kama visiki vitatu, yeye akihesabu kwa kunong'ona. Alinionyesha bata wadogo wenye mstari mweupe juu ya jicho, akaniambia wanakotoka. Hakunigusa hata mkono wa kwaheri, maana wake ulikuwa na tope. Kuna jambo moja aliuliza. Alitutazama mimi na baba, nguo zimetugandama, akasema, hamwogopi kichocho?

Baba alicheka mpaka sululu wakaruka. Akamwambia kichocho ni cha wavulana. Kila mvulana wa Rutamba akikaribia kupevuka hukojoa damu, na wenzake humpongeza kwamba sasa naye kawa mwanamume. Ugonjwa gani huo unaopongezwa? Joakimu akatabasamu, akarudi kwenye hesabu zake, akaondoka kesho yake. Sikumsikia tena.

Nikarudi Mitwero nikamsimulia Hashimu yote, darubini, bata, suruali ya mpira. Nilisimulia kwa furaha. Mke anayesimulia kwa furaha haoni anachokiweka akiba kwenye kichwa cha mwenziwe.

Oktoba Hashimu alifanya kilicho desturi. Mume mwenye neno la chumbani hagombani na mkewe, hulipeleka kwa somo. Bi Hadija, somo yangu, alikuja kutoka Rutamba kwa bodaboda, mwanamke mnene, mwenye macho madogo yanayocheka kabla ya mdomo. Nilimpenda. Nikiwa mwali ndiye aliyenilisha kwa mkono wake, na ndiye aliyenifundisha kwamba aibu ni nguo, huvaliwa na kuvuliwa.

"Shikamoo somo."

"Marahaba mwali wangu. Mbona umekuwa kama kuni?"

Alinifungia chumbani, akanitazama mwili mzima, akanusa ushanga, akakaa kitako juu ya mkeka akanyoosha miguu. Kisha akaniambia kile ambacho nilijua angekisema, kwani nilikisikia kikisemwa kwa wengine tangu utotoni. Kwetu, mwanamke akishindwa kujifungua, au akiumwa ugonjwa wa chini usiokubali dawa, huambiwa ataje. Ataje jina la mwanamume aliyeingia katikati. Akitaja, kifungo kinafunguka, mtoto anatoka, damu inakata. Mume husamehe, kwa sababu desturi inamtaka asamehe, na nyumba inaendelea. Nimewajua wanawake waliotaja wakapona. Waliokufa bila kutaja husemwa kwamba walikufa na majina yao.

"Sina wa kumtaja, somo," nikasema.

"Kila mtu anasema hivyo mwanzoni."

"Wallahi sina."

"Usimchoshe Mungu. Damu haina uongo, mwali. Uongo ni wa mwenye damu." Akanishika goti kwa upole. "Taja jina moja tu tulimalize. Mumeo yuko tayari. Amekaa pale nje miezi saba anasubiri neno moja, naye anakupenda, mjinga yule."

Nilimsikia Hashimu barazani, akikohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka ijulikane kwamba hasikilizi. Mkojo wangu ulikuwa unaniwaka. Nilikuwa nimevaa vitambaa viwili, navyo vimelowa. Niwaambie ukweli, sikutaja kwa kutishwa. Nilitaja kwa sababu nilitamani iwe kweli kwamba kutaja huponya. Nilikuwa nimemeza pakiti tatu nisizoziamini. Nini neno moja?

Nikatafuta mtu ambaye jina lake lisingemdhuru, mtu aliyekwenda zake asiyerudi, asiye na mke ninayemjua wala mtaa ninaoupita. Nikasema, "Joakimu. Yule wa darubini."

Bi Hadija alishusha pumzi ndefu. Akafungua mlango, akamwita Hashimu, akanitaka nirudie mbele yake. Nikarudia. Nikamtazama machoni nikarudia, kwa kuwa kutaja ukiwa umeinama hakuhesabiki. Uso wa mume wangu haukubadilika. Alisogeza mkono wake polepole akaushika ukuta, kama anayeangalia kama rangi imekauka.

Akasema, "Nimesamehe."

Na alisamehe kweli. Hilo ndilo linalonichoma. Wiki ile alileta samaki, akawasha jiko mwenyewe, akafua mashuka yangu bila kukunja pua. Alinisamehe kama fundi mzuri anavyofunga kazi, kila skrubu mahali pake. Mara moja tu, akila, aliuliza kama ilikuwa majini au nchi kavu. Nikasema nchi kavu. Uongo ukishapata kitanda unaomba na mto.

Damu haikukata.

Novemba Bi Hadija alirudi akasema basi hakuwa mmoja. Aliyetaja nusu hupona nusu, na mimi hata nusu sikupona. Hashimu hakusubiri nijibu. Alihamishia mkeka wake sebuleni, kati ya friji mbili za wateja, na kuanzia hapo tulisalimiana kama wapangaji.

Januari nilipelekwa kwa rufaa hospitali kubwa. Nilikwenda peke yangu. Kilichonipata kwenye benchi la kusubiri nakitaja kwa sababu kilinibeba. Nilisimama kuitikia jina ambalo halikuwa langu, na nyuma yangu palikuwa na doa kwenye ubao na jingine kwenye gauni. Kijana aliyekaa karibu alisogea. Mwanamke aliyekuwa upande wa pili, mzee wa makamo aliyeleta mguu wenye kidonda, alifungua kanga moja ya mwilini mwake, akanifunga kiunoni kwa mafundo mawili, akalifuta benchi kwa pindo la ile aliyobaki nayo. Hakuniuliza jina. Alisema tu, "Kaa mwanangu, ubao huu umeona makubwa zaidi," akaendelea kulalamika kuhusu mguu wake. Kanga ile ninayo. Nilimtafuta kuirudisha, sikumwona.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, labda mdogo kuliko mimi, amechoka, amevaa tochi kichwani kama mchimba madini. Nilishajiandaa kwa swali la wanaume wangapi. Hakuuliza. Aliuliza nimekulia wapi.

"Rutamba."

"Karibu na ziwa?"

"Ndani ya ziwa," nikasema. Nilidhani natania.

Aliacha kuandika. Akaniuliza nilikuwa nikiingia majini mara ngapi, mpaka wapi, kwa muda gani. Nikamweleza kuhusu ndege na miguu na visiki. Alinipima kwa muda mrefu, akiangaza tochi, na nilimsikia akisema mmm, kama anayekutana na jirani wa zamani. Aliona mabaka ya manjano, alisema, kama chembe za mchanga zilizoshonwa kwenye nyama. Kisha akasema kichocho.

Nilicheka. Alinisubiri nimalize. Nikamwambia kichocho ni cha wavulana, akaniambia kila mwanamke anayefika kwake na hali hii husema neno hilohilo, na wote walishameza dawa za zinaa, na karibu wote walishaachwa au wako njiani. Alisema bila huruma ya kujionyesha. Ningependa kumbusu mikono.

Februari nilimeza dozi ya kwanza. Walinisimamisha kwenye ubao mrefu uliochorwa mistari, kimo changu kikaangukia vidonge vinne, vikubwa, vyeupe. Ukiambiwa ule ushibe kwanza, kula. Mimi nilikula ugali nusu, na saa moja baadaye dunia ilizunguka nikatapika kwenye maua ya hospitali. Uchungu wa vidonge vile hukaa nyuma ya ulimi siku mbili, kila chai inakuwa mwarobaini. Nikarudia Machi, Ramadhani nyingine ikiwa katikati, nikala mchana nimejificha nyuma ya kanga ya yule mama. Daktari aliniambia wadudu watakufa, makovu yatabaki. Kuhusu mtoto alisema wapo wanaopata na wapo wasiopata, akaangalia pembeni.

Mke wa ustadhi wa mtaani kwetu, mwalimu wa madrasa, ndiye aliyenieleza lile lingine, la sala. Damu ya ugonjwa si hedhi, alisema, haimzuii mtu kusali wala kufunga. Anatawadha, anajifunga, anasimama. Nilihesabu miezi niliyojifukuza mwenyewe mlangoni kwa Mungu bila kuambiwa niondoke. Nikasali alasiri ile, nikalia kwenye sijda. Sikuwa na hakika kama nalia kwa shukrani au kwa hasira, na sijapata hakika hadi leo.

Kati ya dozi mbili zile nilikwenda Rutamba. Sikuingia majini. Nilipanda kichuguu kilichoko upande wa mashariki, mbali, nikaona tu vidoa vinavyotembea topeni. Bata wenye mstari walikuwa vumbi jeusi juu ya maji. Kila niliposogea waliruka, maana sasa nilikuwa na miguu. Baba alikuja akasimama chini ya kichuguu, maji yakimchuruzika, na nikamweleza ugonjwa, si wote, ile sehemu ambayo baba anaweza kuisikia.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Nikamwambia si yeye, ni maji. Akasema maji yeye ndiye aliyeniingiza. Nikamwomba naye aende akapimwe, akasema amekojoa hivyo tangu mtoto, sasa aanze kushangaa uzeeni? Lakini kesho yake alikwenda. Ndege nao walikwenda wiki ile, sikuwaona wakiondoka. Aprili damu ilikata. Siku ya kwanza ya kitambaa cheupe sikuamini, ya tano nilikaa uani juani nikajinusa kama mtoto mchanga.

Narudi kwa Hashimu. Machi, kwa dozi ya pili, nilimwomba anisindikize. Alikuja. Daktari alimweleza yeye kama alivyonieleza mimi, kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kutoka mtu kwa mtu, unatoka majini, na huenda nilikuwa nao tangu kabla sijamjua. Hashimu aliuliza maswali mazuri, ya kifundi. Unaingilia wapi, unakaa wapi, dawa inaua nini, haiui nini. Akashukuru. Tulitoka nje, tukakaa kwenye ukuta mfupi wa hospitali. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Nilidhani karatasi ya daktari imeshinda.

"Na Joakimu?" akauliza.

"Hakuna Joakimu. Baba alikuwapo siku zote mbili, muulize."

"Baba gani atasema vingine?" Akafikicha uso. "Mbona ulimtaja?"

"Ili nipone. Ili yaishe. Bi Hadija alisema mnasubiri jina."

"Mimi nilikuwa nasubiri useme hapana," akasema. "Nilikaa pale nje naomba Mungu useme hapana mbele yangu. Ungesema ningemfukuza yule bibi na ushanga wake." Alikuwa anasema taratibu, kama anayefungua kitu asichokijua. "Ulinitazama machoni, Salima. Nikaamini. Sasa unanitazama vilevile unatengua. Nikuamini lini, pale au hapa? Macho ni yaleyale."

Niliikunja karatasi, nikaikunjua.

"Na kusamehe kule," akaendelea, "unajua kulinitoa nini? Nilisamehe mtu asiyekosa. Huo msamaha niupeleke wapi sasa?"

Alikwenda kwa Bi Hadija, nilisikia baadaye. Bibi akamwambia jina likishatoka halirudishwi, na mwanamke anayetengua huurudisha ugonjwa. Bibi yule hata leo akiniona Rutamba hunisalimu kwa mapenzi na kuniambia, si unaona, ulitaja ukapona. Vidonge vinane vya daktari yeye anavijua, anaona vilisaidia kidogo.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesoma haya na vitambaa viwili, nenda wakuulize kuhusu maji. Wasipokuuliza, waambie wewe. Na wakikufungia chumbani kwa upole, wakakushika goti, na wewe umechoka kiasi cha kusema lolote, usiseme. Ugonjwa una dawa. Mimi nimeimeza.

Baada ya Idi Hashimu alipata kazi Kilwa Masoko, kwenye mashine ya barafu ya wauza samaki. Alinieleza bila kunivunjia utu, alikuwa mstaarabu mpaka mwisho. Nilimuuliza kama ananipa talaka. Alisema hapana. Akasema mtu akiandika talaka sharti moyoni ajue kosa, naye hajui aandike lipi, uzinzi ambao haukuwapo au neno lililosemwa na mgonjwa. Angekuja mwezi ukiisha, pengine.

Asubuhi ile alikunja bisibisi zake kwenye kitambaa cha turubai, akafunga kamba. Mvua ilikuwa imeacha, bodaboda ilikuwa imeshafika, dereva anasubiri amezima injini. Nilimpa chapati tatu zikiwa na moto. Alizipokea kwa mikono miwili. Akafika mlangoni, akageuka.

"Niambie mara ya mwisho. Hukuwa naye?"

"Sikuwa naye."

Alitikisa kichwa kuitikia, kama anavyomwitikia mteja anayeapa kwamba jokofu lake halijawahi kufunguliwa na fundi mwingine. Akachukua begi. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake polepole, akauinua kidogo ili usikwaruze sakafu, na nikasikia kitasa kikiingia.